Albamu Iliyotoka Bila Mimi

Habari kwamba albamu imetoka zilinikuta nimeshika chaki. Mwalimu mwenzangu wa darasa la nne alichungulia dirishani na simu yake mkononi, akasema, "Mwalimu, wale watu wako wa Mpanda hatimaye wametoa." Nikamwambia vizuri sana, nimefurahi. Kisha nikageukia ubao na kuandika neno lile lile mara mbili mfululizo, mpaka watoto wakaanza kucheka.

Sikuwa nimefurahi. Siku ile nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi imeuzwa na vitu vyake vikiwa ndani.

Watu wangu wa Mpanda walikuwa wawili. Mmoja ni mtoto wa shangazi yangu, fundi simu wa mtaa wa Kashaulili, mtu mwembamba anayeongea taratibu na kusikia kila kitu. Wa pili ni rafiki yake, mshereheshaji wa harusi, mwenye sauti nzito na spika ambazo hazikuenea kwenye chumba chake cha kupanga, ikabidi nyingine zilale kwa jirani. Wa tatu kwenye kikundi nilikuwa mimi, mpiga kinanda.

Kinanda nilikijua tangu utoto. Nimezaliwa Usevya, na baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Nilikaa pembeni yake kwenye benchi kabla miguu yangu haijafika chini. Nilipokuja Mpanda kusoma sekondari nikakaa kwa shangazi, na mwanawe ndiye aliyenionyesha kwamba muziki unaweza kutengenezwa ndani ya kompyuta. Nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza simu kulikuwa na chumba. Tukakibandika trei za mayai ukutani, tukaning'iniza godoro kuukuu mlangoni ili kelele za soko zisiingie, tukaanza.

Muziki wetu haukuwa na gitaa, na maneno yalikuwa machache. Ilikuwa midundo ya kompyuta, kinanda changu, na sauti tulizozikusanya huku na huku: mashine ya kukoboa mpunga kule kwetu Usevya, mabehewa yakigongana stesheni, viboko wakikoroma mtoni. Mtoto wa shangazi alizikata sauti hizo, akazigeuza, akazirudia mpaka zikawa ngoma. Mshereheshaji alikuwa anatupia neno moja moja juu yake. Tulipopiga kwenye harusi, wazee waliziba masikio na vijana walikataa kukaa chini.

Kutoka hapo watu wakaanza kudai albamu. Mwanzoni walidai kwa upole. Baadaye "Albamu lini?" ikawa salamu yetu. Muuza matunda sokoni aliniuliza, kondakta aliniuliza, hata katekista mmoja aliyekuja kutembelea kwa shangazi aliniuliza. Mtangazaji mmoja wa redio ya pale mjini alifanya ndiyo utani wake. Kila akitaja jambo linalochelewa, barabara au mvua, alisema litafika siku moja na albamu yetu. Na kweli tulichelewa. Umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza kompyuta, tukapoteza karibu kila kitu. Mshereheshaji akaenda machimboni kutafuta dhahabu, akapotelea huko msimu mzima, akarudi na malaria. Tulipoanza upya, mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nikapangiwa kazi ya ualimu Kapalamsenga.

Kapalamsenga iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka Mpanda ni safari. Mvua zikikolea, ni safari na maombi. Nikawa nakwenda Mpanda likizo tu. Nilibeba kinanda changu cha zamani, chenye vibonyezo viwili visivyoitika, nikakiweka mezani kwenye nyumba niliyopangiwa karibu na shule, na jioni nilipiga ili vidole visisahau.

Binti wa jirani ndiye aliyeanza kusimama mlangoni. Yeye na mama yake walianika dagaa pale mwaloni, boti zinaposhushia samaki. Alikuwa na mtoto mdogo mgongoni na mikono yenye magamba ya samaki. Nilimfahamu kwa sauti, kwa sababu kwenye maulidi yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kaswida. Alikuja siku kadhaa kusikiliza tu. Siku moja akauliza, "Mwalimu, naomba nikiguse?"

"Nawa mikono kwanza," nikamwambia.

Akanawa mpaka viwiko. Akaketi, akatafuta kwa kidole kimoja kaswida moja aliyoizoea, na kabla sijamaliza kumenya viazi alikuwa ameipata yote. Nilifurahi sana jioni ile. Nalisema hili kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda. Nilimfundisha kila jioni, mtoto wake akilala kitandani kwangu, na aliniita mwalimu ingawa hakuwahi kuketi darasani kwangu hata siku moja.

Halafu mtoto wa shangazi akapiga simu. Amepata kompyuta nzuri, mshereheshaji ametulia, na sasa wanamalizia albamu. "Dada, tunakuhitaji wiki moja tu."

Shule ilikuwa imefungua. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, akanionyesha ratiba ya mitihani. Basi nikampigia tena ndugu yangu, nikasema kwa kujiamini kabisa, "Nitakuletea mtu. Namfundisha mwenyewe. Atakushikia zile sehemu hiyo wiki moja, mimi nitakuja likizo."

Nilimpakia kwenye gari asubuhi, yeye na mtoto wake na mfuko wa dagaa wa zawadi. Mama yake alinishukuru mpaka nikaona aibu.

Wiki ile ikapita, binti hakurudi. Nilipopiga kuuliza, mtoto wa shangazi alikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu aliyechangamka. "Dada, huyu binti ana balaa! Kwa nini ulimficha?"

"Sikumficha. Anarudi lini?"

"Tumpe muda kidogo."

Alipewa muda. Akapangiwa chumba karibu na soko, mtoto akapata yaya. Nilipokwenda likizo nilikuta kiti changu kimeinuliwa, kwa sababu yeye ni mfupi, na hakuna aliyenikaribisha kukaa. Nikauliza habari za sehemu nilizorekodi mimi miaka ile. Mtoto wa shangazi akasema zipo, zipo. Baadaye, tukiwa tunakula, akasema bila kunitazama, "Unajua, zile zako tumelazimika kuzirudia. Zilikuwa na kelele za feni."

"Kelele za feni."

"Ndiyo. Enzi zile tulikuwa tunawasha feni. Ukiongeza sauti inasikika kabisa."

Nikaendelea kula. Ilikuwa ugali na samaki wa ziwani, migebuka, na mpaka leo nikila migebuka naisikia ile feni.

Kwa hiyo mwenzangu alipochungulia dirishani kunipa habari, nilikuwa nimeshajua kwamba humo ndani simo. Nilichokuwa nimekitegemea, na sikuwahi kumwambia mtu, ni kwamba isingetoka kabisa. Miaka yote ile ilikuwa imeshindikana, kwa nini isiendelee kushindikana? Ingebaki kitu tulichokitaka sote watatu tukakikosa, na katika kukikosa huko nami ningekuwa na fungu langu.

Walikodi ukumbi Kashaulili, Jumamosi mchana, watu waje waisikilize yote kabla haijasambaa vizuri. Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kwa sababu ya shangazi, ambaye alikuwa ameshona nguo mpya. Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki viliisha, watu wakasimama ukutani na madirishani, na spika za mshereheshaji zilipangwa juu ya jukwaa. Binti alikaa mbele, dera la kijani na ushungi mweupe, na wasichana wa sekondari walipanga mstari kupiga naye picha. Mikono yake haikuwa na magamba tena. Niliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mshereheshaji alishika kipaza sauti, akatambulisha wageni. Akamtaja diwani, akamtaja mtangazaji wa redio aliyetutania, watu wakashangilia. Akamtaja shangazi. Kisha akanyoosha mkono kwangu, akitabasamu kwa roho safi kabisa, akasema, "Na huyu ni dada yetu, mwalimu kutoka Kapalamsenga, shabiki wetu wa siku nyingi!"

Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono. Shangazi akanigeukia, akaona uso wangu, akanishika goti.

Wakawasha muziki. Nilikuwa nimekuja kutafuta makosa, nami najua kuyatafuta. Ndiyo kazi yangu. Wimbo wa kwanza nikausikiliza kama ninavyosahihisha madaftari. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa ule wa mashine ya kukoboa, wimbo wetu wa kwanza kabisa, ambao sehemu yake ya kinanda niliitunga mimi nikiwa na sare ya shule. Niliipiga miaka yote kwa kujaza. Mashine ikinguruma, nami nikimwaga noti juu yake bila kupumua. Yeye aliiacha mashine ingurume peke yake. Akangoja. Nikadhani amesahau kuingia. Halafu akaingia kwa noti tatu, akanyamaza tena, na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji baridi mgongoni. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, kofia kichwani, alitikisa kichwa na kusema peke yake, "Aisee."

Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kama ingekuwa mbaya ningempenda upya pale pale, ningemkumbatia, ningemtetea kwa watu.

Ilipoisha alikuja moja kwa moja kwangu, akiwapita wasichana wa picha. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Umeisikiaje?"

Alisimama kama alivyokuwa akisimama mlangoni kwangu. Nikasema, "Besi imezidi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wimbo wa tatu umechelewa kuingia."

Akatazama chini. "Nilichelewa makusudi, mwalimu."

"Nimeona," nikasema.

Mtoto wa shangazi alikuwa karibu. Anasikia kila kitu, nimeshasema. Akanishika mkono, akanitoa nje nyuma ya ukumbi, kwenye kreti za soda. Jua lilikuwa kali na kulikuwa na harufu ya mishikaki.

"Dada, mbona hivyo?"

"Shabiki wa siku nyingi?"

"Alipitiwa tu. Unamjua akishika kipaza sauti."

"Na nyie wengine mlipitiwa? Kile kikundi jina nilitoa mimi!"

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa ulimleta mwenyewe, dada. Mimi sikumtafuta."

"Wiki moja! Nilisema wiki moja!"

Akachokonoa kifuniko cha soda kwa kiatu. "Ungesikia alivyopiga siku ya pili tu, hata wewe usingemrudisha." Kisha akasema, taratibu kama kawaida yake, "Una wivu."

"Ninao," nikajibu.

Nadhani alitegemea nikatae. Akanifungulia soda, tukasimama pale tukiwasikiliza watu ndani wakidai wimbo wa tatu urudiwe.

Nilirudi Kapalamsenga nikidhani huko nitapumzika. Albamu ilikuwa imenitangulia. Mtu alikuja nayo kwenye flashi, na kabla ya Jumatano ilikuwa kwa kinyozi, kwenye duka la mafuta ya boti, kwa wanaotengeneza nyavu. Wanawake wa dagaa waliigeuza kuwa muziki wa kazi. Waligeuza dagaa juani kwa mdundo wake. Darasani mtoto mmoja alikuwa akiimba kwa pua huku akifanya hesabu za kugawanya, na niliposikia ni nini anaimba nikamwamuru asimame. Akasimama, akinitazama kwa mshangao, hajui kosa lake. Sikujua nimwambie kosa gani. Nikamwambia akae.

Yule mama anayeuza mawese njia panda ndiye aliyenimaliza. Alikuwa ananipimia, simu yake ikiimba albamu ile pembeni, akasema kwa fahari, "Huyu ni mtoto wetu wa hapa hapa. Sijui nani alimfundisha. Mimi naona ni Mungu tu."

"Nilimfundisha mimi," nikasema.

Akacheka vizuri, bila ubaya. "Wewe si mwalimu wa hesabu?"

Nikalipa mawese yangu nikaenda.

Nilifunika kinanda kwa kitenge. Sikukifunua mpaka likizo, binti mwenyewe alipokuja nyumbani kumsalimia mama yake. Alifika kwangu alasiri, mtoto akitembea sasa, na mchele wa kwetu Usevya alioununua Mpanda kwa sababu anajua naupenda kuliko mwingine. Nilimkaribisha. Nilichemsha chai. Tuliongea habari za mvua, za mtoto, za bei ya nyavu, na nilijitahidi nisimuulize lolote la muziki. Akavumilia mpaka chai ikaisha.

"Mwalimu, nina shida."

"Shida gani?"

"Tumeitwa kupiga kwenye tamasha. Jukwaani, watu wengi. Wanataka albamu yote." Akaweka mikono mezani, akautazama wa kushoto. "Mkono huu haujui kitu. Kule studio kaka yako alinirekodi mkono wa kulia peke yake, halafu wa kushoto akaupanga kwenye kompyuta, kipande kipande. Watu wanadhani ni mimi. Nikisimama pale wataona."

Naomba nieleze nilichohisi, kwa kuwa sijawahi kukisahau. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni kama homa. Mkono wa kushoto sikuwa nimefika naye. Tulikuwa bado kwenye wa kulia nilipompakia kwenye gari. Kumbe sifa zote zile zilikuwa zimesimama kwa mguu mmoja, na aliyekuwa na mguu wa pili ni mimi. Ningeweza kusema nina kazi nyingi. Ningeweza kumwambia amwombe huyo kaka yangu. Naye angekwenda kuaibika mbele ya mji mzima, na hakuna ambaye angejua kwamba ningeweza kumwokoa.

"Kwa nini hukumwambia kaka?" nikauliza.

"Atasema kompyuta ipige, mimi niigize. Sitaki kuigiza."

Jibu lile lilinikera, kwa sababu mimi pia nisingetaka. Nikavuta kitenge kwenye kinanda.

Nilimfundisha likizo yote, na sikumfundisha kwa upole. Nilimgonga vidole kwa rula kama baba alivyonigonga mimi. Nilimrudisha mwanzo hata pale ambapo alikuwa amepatia. Siku moja alilia, akajifuta kwa ushungi, akaendelea. Mama yake alikuja na samaki, akasimama kidogo akisikiliza, akasema, "Mwalimu, umemkalia kooni."

"Ana kazi kubwa mbele," nikajibu.

Lakini mkono ulikuja. Ulikuja polepole, halafu siku moja ukawa umefika, na kuanzia hapo nilikuwa nampa jambo asubuhi naye alasiri ananirudishia likiwa limebadilika, jepesi zaidi, na pengine na kitu ndani yake ambacho sikukiweka. Kila alichokipata nilikiona kikitoka kwangu na kuwa chake. Kuna walimu wanaosema hiyo ndiyo raha ya kazi. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma.

Nilikwenda kwenye tamasha. Lilikuwa uwanjani Mpanda, alasiri, vumbi jekundu na watu mpaka juu ya malori. Mshereheshaji alipiga kelele zake, mtoto wa shangazi akainamia kompyuta, na binti akasimama nyuma ya kinanda kikubwa cha kukodi, mikono yote miwili ikionekana. Alipiga albamu yote. Kwenye wimbo wa viboko mkono wa kushoto ulikwenda peke yake kwa muda, wa kulia akiwa ameuinua hewani, na vijana wakapiga mayowe wasijue hata wanashangilia nini. Mimi nilijua. Nilipiga makofi kwa nguvu mpaka viganja vikauma, kwa kuwa aliyekuwa karibu nami alikuwa shangazi, na shangazi hadanganyiki. Nilitaka aone mikono asiangalie uso.

"Mwanafunzi wako huyo," akaniambia sikioni.

"Ndiyo, shangazi."

"Na bado inakuuma."

"Bado."

Akanipa leso yake nijifute vumbi.

Waliposhuka, binti alinijia akiwa amelowa jasho. "Nimekosea mahali, mwalimu."

"Wimbo wa tano, ulipobadilisha."

"Hapo hapo!" Akacheka, akaitwa na watu wa picha, akaenda.

Mtoto wa shangazi alibaki akikunja nyaya. Akaniambia wameshaanza kufikiria albamu ya pili, safari hii haitachukua miaka, na kwamba anataka vinanda viwili. "Uje likizo, dada. Feni hatuwashi tena."

"Jina langu litakaa wapi?"

"Kwenye jalada, na majina ya wengine."

"La kwanza?"

Aliinua macho kuona kama natania. Hakuona utani. "Hilo," akasema, "ukaongee na yeye."

Likizo imekaribia. Namba ya binti ninayo, na mama yake namsalimia kila asubuhi nikipita mwaloni kwenda shule. Habari ya jina sijaongea na binti bado.